MGONJWA AELEZWE MATOKEO KABLA YA KUPASULIWA



Nami natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo sisi akina mama hulionea haya.

Baada ya uzazi wangu wa tano nilianza kutokwa na mkojo kila nilipokohoa, kucheka au kujitwika ndoo ya maji. Niliacha kwenda mikutanoni na hata misibani, nikiogopa khanga kulowa mbele za watu. Hatimaye nilipasuliwa. Siku ya kuruhusiwa niliambiwa kwamba upasuaji umefaulu. Mwaka wa pili mkojo ukarudi. Nilipokwenda kuuliza, nikajibiwa kwamba hali hiyo hutokea. Kama hutokea, mbona sikuambiwa kabla ya kutia sahihi?

Jambo lenyewe wala si siri. Huko Marekani, mwaka 2007, yalitangazwa matokeo ya wanawake 655 waliopasuliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kushona nyama za kando ya uke ili kuinua shingo ya kibofu. Ya pili ni kuweka chini ya mrija wa mkojo ukanda uliokatwa kwenye utando wa tumbo la mgonjwa mwenyewe. Baada ya miaka 2, waliopona tatizo hili walikuwa 49 katika kila 100 kwa njia ya kwanza, na 66 kwa njia ya pili. Lakini hao wa njia ya pili ndio waliopata zaidi taabu ya kukojoa na maambukizo ya njia ya mkojo.

Upo pia ukanda wa plastiki. Umewasaidia wengi, ila wengine umewaumiza vibaya ndani ya mwili. Uingereza ilisimamisha matumizi yake Julai 2018, na ripoti ya Julai 2020 ilieleza kwamba wanawake waliolalamika hawakusikilizwa kwa miaka mingi.

Sisemi kwamba watu wasipasuliwe. Ninachoomba kwa wahusika ni mambo matatu. Kwanza, mgonjwa afundishwe mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga kwa muda usiopungua miezi 3, kwani wako wanaopata nafuu bila kisu. Pili, aelezwe kwa Kiswahili chepesi ni wangapi hupona, wangapi hurudiwa na madhara gani huweza kutokea. Tatu, hospitali zimwite baada ya mwaka mmoja na baada ya miaka kadhaa, zimwulize yeye mwenyewe kama ni mkavu. Mafanikio yasihesabiwe siku ya kutoa nyuzi.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aulizwe anayekilalia.

Mama wa Watoto Watano,
Morogoro.