Mwalimu Nyumbani: Kwanza mchanga, ndipo mtu

Juma hili sitasema juu ya minervali wala juu ya bileti za watoto. Nitasema juu ya ndege. Msicheke, someni kwanza. Huenda hata katika parseli yako kuna mtoto anayeangalia juu kila ndege inapopita.

Jumamosi moja nilirudi kutoka sokoni, nikakuta shitingi yangu ya kuanikia muhogo haipo. Niliita, hakuna aliyeitika. Kisha nikasikia watoto wa jirani nyuma ya nyumba wanahesabu kwa sauti: tano, nne, tatu... Nilikimbia. Mtoto wangu wa pili, mwenye miaka 12, alikuwa amesimama juu ya manjanja ya jiko. Alikuwa amejifunga mianzi mabegani, na shitingi yangu imetandazwa juu ya mianzi hiyo kama mabawa.

Sijui nililia namna gani, ila hata watu wa avenyu ya juu walitoka kuangalia. Mtoto alishuka kwa ngazi, polepole. Nyanya yake akasema: « Choma takataka hizo, kisha umpige, asirudie. » Fimbo ilikuwa tayari mkononi mwangu. Nikamuuliza swali moja tu: « Ulijuaje kama mabawa haya yatakubeba? » Akanijibu: « Mama, ndege si zinaruka? »

Jibu hilo lilinitia woga kuliko kule kusimama juu ya manjanja. Fimbo ingemwogopesha siku moja. Siku nyingine angepanda juu ya nyumba ya mtu mwingine, mimi nikiwa darasani. Nikaweka fimbo chini, nikamkalisha, nikamsimulia habari ya bwana mmoja wa Ufaransa.

Bwana huyo aliitwa Henri Mignet. Alipenda sana kuruka, lakini ndege za wakati wake zilikuwa za bei kali na ngumu kuongoza. Mwaka 1933 alirusha ndege ndogo aliyojitengenezea mwenyewe kwa mbao na kitambaa, yenye moteri ndogo na kiti kimoja. Aliiita Pou-du-Ciel, maana yake Chawa wa Angani. Mwaka 1934 akatoa kitabu chenye michoro na vipimo vyote, ili mtu wa kawaida aweze kujijengea ndege kwake. Watu walikipokea kwa furaha kubwa. Ufaransa na Uingereza, watu wakaanza kupiga randa mbao na kushona kitambaa nyumbani. Mwaka 1935 Mignet mwenyewe alivuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza ndani ya chawa wake.

Kisha vikaja vilio. Katika mwaka huo na mwaka 1936, ndege kadhaa za namna hiyo zilianguka na watu wakafa. Waliokufa hawakuwa wajinga. Ndipo wataalamu wa Ufaransa na wa Uingereza wakachukua ndege nzima na kuiweka katika chumba kikubwa chenye upepo wa mashine. Wakaona kosa lilipo. Ndege ile ilikuwa na bawa la mbele na bawa la nyuma, nayo yalikaribiana mno. Pua ikiinama sana, piloti alivuta fimbo ili kuiinua, kama inavyotakiwa. Lakini upepo uliopita kati ya mabawa mawili uliinua bawa la nyuma kwa nguvu, mkia ukabaki juu na pua ikabaki chini. Alivyozidi kuvuta, hakupata msaada. Alifanya alilofundishwa, na ndege haikumsikia.

Mtoto wangu akauliza: « Kwa hiyo wakaacha? » Hapana, hawakuacha. Mignet alirekebisha mchoro wake, na ndege za ukoo huo zingali zinaruka. Watu wengi duniani wanaendelea kujijengea ndege, kwa furaha tu, si kwa biashara. Marekani, mwaka 1953, bwana Paul Poberezny alianzisha huko Wisconsin chama cha watu wa namna hiyo kinachoitwa EAA, na kila mwaka wanakusanyika kwa wingi katika mji wa Oshkosh. Kati yao kuna mafundi, wakulima, walimu kama mimi, wanaume na wanawake. Mtu anafanya kazi jioni na siku za mapumziko, na ndege moja inaweza kumchukua miaka.

Nawaambia jambo nililolipenda kwao: hawaaminiani kwa maneno. Mjenzi hafuniki bawa kabla ya mwenzake mwenye ujuzi kuja kuangalia ndani, kwa sababu baada ya kufunika, kosa halionekani tena. Chama chao kina washauri kwa kazi hiyo, nao wanatembelea watu nyumbani. Ndege ikimalizika, inapimwa kwenye kilo, kila gurudumu kwa zamu yake, ili wajue uzito umeegemea wapi.

Hapo wamama wabebaji watanielewa upesi kuliko wanafunzi wangu wa fizike. Wewe unayebeba mzigo mgongoni na kamba kwenye paji la uso, unajua: ukifungwa chini mno unakuvuta nyuma, ukikaa juu mno unakuangusha kifudifudi. Kilo ni zile zile, mahali pake ndipo panapobadilika. Ndege nayo ni hivyo. Ndiyo sababu ukisafiri kwa ndege ndogo kwenda vijiji visivyo na barabara, unapimwa wewe pamoja na mizigo yako. Usikasirike, mama, na usifiche sombe kwenye begi la mtoto.

Hata baada ya kupimwa, ndege mpya haibebi wageni. Huko Marekani, kwa kawaida, piloti anairusha kwanza saa 25 au 40 katika eneo alilopangiwa, akiongeza jambo moja moja: leo mwendo, kesho mzunguko, keshokutwa uzito. Anaandika yote katika daftari. Tena kila mara kabla ya kuruka anaizunguka ndege kwa miguu, anagusa misumari na kamba, anaangalia kama mafuta hayana maji. Kila mwaka inafunguliwa na kukaguliwa upya. Kuijenga kunaisha siku moja, kuitunza hakuishi.

Msiseme kwamba hayo ni ya Wazungu tu. Mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika ya Kusini, wavulana na wasichana, waliunga ndege ya viti vinne iitwayo Sling 4, kutokana na vipande vilivyotayarishwa kiwandani. Iliwachukua muda wa majuma matatu. Kisha wakaenda nayo kutoka Cape Town mpaka Cairo, safari ya kilomita karibu 12,000. Aliyeanzisha wazo hilo ni msichana, Megan Werner, aliyekuwa na miaka 17. Walipata sifa nyingi, lakini tusisahau upande wa pili: moteri na vyombo vya kuongozea viliwekwa na mafundi wa kazi hiyo, na katika safari ndege nyingine yenye mapiloti wazoefu iliwasindikiza. Kuna mtu mzima aliyewaambia « ndiyo », kisha akakaa karibu.

Basi nikamrudia mtoto wangu. Nilimuuliza uzito wake. Kituo cha afya kilikuwa kimeandika kilo 33. Tukajaza mchanga ndani ya mfuko mpaka tukakaribia uzito huo, tukaufunga kwenye mabawa yake kwa kamba zile zile alizojifunga mwenyewe. Nilimwita fundi wa jirani apandishe mfuko juu ya manjanja ya jiko. Watoto wote nikawasimamisha mbali, kando ya ukuta. Nikamwambia mwanangu: « Hesabu. »

Akahesabu. Fundi akausukuma.

Haukuruka hata mita moja. Ulianguka wima, kwa kishindo, mwanzi ukavunjika na ncha yake ikatoboa mfuko, mchanga ukamwagika. Hakuna mtoto aliyecheka. Mwanangu alikwenda akaushika ule mwanzi uliovunjika, akauangalia muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo: « Ulikuwa upande wa shingo yangu. »

Nyanya yake alimkumbatia, hakuna aliyetaja fimbo tena.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nawaza: kama foleni ya sokoni ingekuwa ndefu zaidi kidogo? Kama ningelikawia kusalimiana na mtu njiani? Kwa hiyo siwaandikii kama mtu mwenye hekima. Nawaandikia kama mama aliyewahi kwa bahati.

Sasa amenunuliwa daftari la faranga kidogo. Anatengeneza ndege za karatasi na za vijiti, urefu wa mkono. Anafunga kijiwe puani, anarusha, anaandika: jiwe mbele, ilikwenda hatua tisa, jiwe nyuma, ilianguka kwa mkia. Dada yake mdogo ndiye mkaguzi: hairushwi mpaka yeye aguse kila fundo. Juzi alikataa moja, wakagombana, na kweli kamba ilikuwa imelegea. Sheria ya nyumba ni moja: kitu chochote kitakachobeba mtu, hata kigari cha mbao cha kushukia mlima, kinabeba mchanga kwanza, mbele ya mtu mzima.

Wamama wapenzi, mtoto akikuharibia shitingi, kasirika, ni haki yako. Lakini kabla ya kuchoma kazi ya mikono yake, muulize: « Ulijuaje? » Akikosa jibu, mtafutie namna ya kupima pasipo hatari. Kama wewe hujui, muulize fundi wa mbao, fundi wa pikipiki au mwalimu wake. Mtoto aliyefukuzwa kwa fimbo atajenga mahali usipomwona.

Shitingi yangu ina tundu kubwa katikati. Naanikia muhogo pembeni.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.