Mshale Umelala

Je, msomaji, ukiketi kando ya dereva, huitazama saa ya spidi? Majuzi nilipanda matatu kuukuu kutoka Garsen nikielekea Chewele. Vichaka vilipita mbio, ilhali mshale umelala kwenye sufuri.

“Waya ilikatika kitambo, ndugu yangu. Mwendo naujua kwa sikio,” dereva akaniambia.

Saa hiyo ni uvumbuzi wa Mjerumani Otto Schulze, aliyepewa hataza mjini Berlin mwaka 1902. Waya kutoka kwenye giaboksi huzungusha sumaku karibu na kikombe cha alumini. Havigusani kamwe, lakini sumaku hukivuta kikombe, nacho husukuma mshale. Haihitaji hata betri! Hataza, yaani haki ya kuzuia wengine wasiige, ina mwisho. Hapa Kenya ni miaka 20. Ya Schulze iliisha zamani.

Kanuni za mwaka 2003 za marehemu Waziri John Michuki zililazimisha matatu kufungwa vidhibiti mwendo, zisipite kilomita 80 kwa saa. Abiria atathibitishaje bila mshale?

Nyuma yangu bibi mmoja alikuwa amempakata mjukuu. “Mwanangu,” akaniuliza, “wewe uliye mbele, tunakwenda ngapi?”

Nilikosa la kumjibu.