Nepi ya Mwanafunzi ni Sehemu ya Somo

Katika vyuo vyetu mwanachuo hufundishwa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, kutengeneza zana kwa vitu vinavyopatikana katika mazingira yake, kuuliza maswali na kupima maendeleo. Hayo yote ni mema. Lakini mwanachuo huyohuyo aweza kupata cheti chake bila ya kuambiwa hata siku moja afanye nini pale mtoto wa darasa la kwanza anapojichafua saa tatu asubuhi, wenzake wakaanza kuziba pua na kucheka. Kwa kuwa hakuambiwa, hufanya lile aliloona likifanywa: humrudisha mtoto nyumbani. Nia ya makala haya ni kueleza kwamba kubadilisha nepi shuleni ni kazi ya kufundisha, yenye mbinu zake na zana zake, na kwamba yafaa ifundishwe chuoni kama zifundishwavyo mbinu nyingine.

Jambo hili si dogo kama linavyodhaniwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, na tangu Januari 2016 watoto wengi zaidi wameingia madarasani baada ya ada kuondolewa. Miongoni mwao wamo wadogo ambao bado hawajamudu vyema kwenda chooni. Wamo pia watoto wenye mtindio wa ubongo, na wale waliozaliwa na mgongo wazi, ambao mishipa yao ya fahamu haiwapi habari kwamba kibofu kimejaa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa haki ya kusoma kama wenzao. Haki hiyo, kwa mtoto anayevaa nepi, huanza au huisha pale linapojibiwa swali moja tu: nani atambadilisha?

Hapa Mlowo, kama katika miji mingi iliyo kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, nepi zimejaa madukani. Watu huziita pampasi, hata zile ambazo si za kampuni yenye jina hilo. Huuzwa kwa pakiti na hata moja moja, maana si kila mzazi mwenye fedha ya pakiti nzima. Zipo zenye gundi pembeni, na zipo zinazovaliwa kama chupi, ambazo huvutwa juu kwa mkono. Hizo za pili ndizo ninazotaka kuzizungumzia zaidi. Kampuni ya Kimberly-Clark ya Marekani ilianza kuziuza mwaka 1989 kwa ajili ya watoto wanaojifunza kutumia choo. Hivi leo zipo pia za ukubwa wa mtu mzima, nazo hutumiwa na wazee, wagonjwa wa kiharusi na akina mama wenye fistula. Mwalimu anayejua kumsaidia mtoto wa miaka saba kuivaa ataweza kumsaidia kijana wa miaka kumi na sita katika kitengo cha elimu maalumu, na hata babu yake mwenyewe wakati wa likizo, ilimradi abadili lugha na heshima ipasavyo.

Nimewasikia walimu, na wanachuo pia, wakisema: “Mimi sikusomea uyaya.” Neno hilo lisipuuzwe, kwa sababu ndani yake mna malalamiko ya kweli. Mwalimu mmoja mwenye darasa la watoto zaidi ya mia moja hawezi kuondoka kila saa kwenda msalani na mtoto mmoja. Shule yenye watoto wa namna hiyo yapasa ipate mlezi anayelipwa, na sioni haya kusema kwamba halmashauri zinazojenga vyumba vya madarasa bila ya chumba kimoja chenye maji, kitanda na pazia zimeifanya kazi nusu. Hata hivyo, mlezi akipatikana, nani atamwelekeza? Nani atajua kama mtoto anasonga mbele au la? Huyo ni mwalimu tu. Tofauti ya yaya na mwalimu katika jambo hili ni kwamba yaya hutaka mtoto awe msafi sasa, lakini mwalimu hutaka pia kwamba mwezi ujao mtoto afanye mwenyewe sehemu fulani ya kazi ambayo leo hawezi kuifanya.

Katika mazoezi ya kufundisha, shule moja ya hapa mjini ilikuwa na mvulana wa darasa la pili mwenye mtindio wa ubongo. Kila siku saa nne bibi yake aliliacha genge lake la mboga sokoni, akaja kumbadilisha mjukuu wake nyuma ya darasa, kisha akarudi. Bibi alipougua, mtoto hakuja shule wiki tatu. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha darasa hilo alimfuata bibi nyumbani, akamwomba amwonyeshe anavyofanya. Ikaonekana kwamba mtoto aweza kusimama akishika ukuta, aweza kuinua mguu mmoja, na mkono wake wa kulia una nguvu ya kutosha kuvuta nguo. Hakuna aliyekuwa amemwambia avute. Bibi alimlaza chini na kumfanyia yote, kama alivyomfanyia alipokuwa na miezi sita.

Hapo ndipo nepi inayovaliwa kama chupi inapokuwa zana ya kufundishia. Ile yenye gundi humtaka mvaaji alale, na anayelala hana la kufanya. Hii humtaka asimame, na anayesimama aweza kushiriki. Mbinu inayofaa ni kuigawanya kazi yote katika hatua ndogo ndogo, kisha kuanza kufundisha hatua ya mwisho badala ya ile ya kwanza. Mwalimu au mlezi hufanya kila kitu: huvua, husafisha, huingiza miguu, huipandisha nepi mpaka chini kidogo ya kiuno, kisha husema, “Haya, malizia.” Mtoto huivuta sehemu ndogo iliyobaki, na kazi huishia mikononi mwake. Akiimudu hatua hiyo kwa siku kadhaa, nepi huachwa mapajani, halafu magotini. Uzuri wa kuanzia mwisho ni kwamba mtoto hupata kila mara furaha ya kumaliza, ambapo akianzishwa mwanzo hukwama katikati na kungoja aokolewe.

Utaratibu wenyewe nitaueleza kwa kirefu kidogo, maana ndio unaokosekana. Kabla ya kumgusa mwanafunzi, vifaa vyote viwe karibu: nepi mpya, maji ya uvuguvugu, sabuni, vitambaa laini, glavu na ndoo yenye kifuniko. Hakuna jambo baya kama kumwacha mtoto amesimama uchi huku wewe ukitafuta kitambaa. Mweleze unachotaka kufanya, hata kama hasemi. Wengi wasiosema husikia vizuri. Ashike ukuta, dawati au kiti kisichoyumba. Ikiwa ni mkojo tu, nepi yaweza kushushwa kama chupi. Ikiwa ni choo kikubwa, isishushwe hata kidogo, bali ichanwe pembeni, pale ilipounganishwa, ikunjwe na kutolewa kwa nyuma, la sivyo uchafu utaipaka miguu yote mpaka viatuni. Kufuta kuwe kutoka mbele kwenda nyuma, hasa kwa msichana, ili vijidudu vya haja kubwa visifike kwenye njia ya mkojo. Kausha. Kisha tazama ngozi. Mtoto mwenye mgongo wazi mara nyingi hana hisia sehemu za chini, basi kidonda chaweza kuanza na kukua bila yeye kulia. Jicho lako ndilo litakalomlilia.

Kwa mwenye udhaifu wa upande mmoja, awe mtoto au mzee aliyepatwa na kiharusi, mguu dhaifu hutangulia kuvishwa na huwa wa mwisho kuvuliwa. Asiyeweza kusimama kabisa asilazimishwe kuvaa nepi ya namna ya chupi kwa kuwa tu ndiyo iliyonunuliwa. Huyo alazwe, ageuzwe ubavu, na atumie ile yenye gundi; sehemu yake katika kazi yaweza kuwa kushika kitambaa, au kuinua nyonga kwa hesabu ya tatu.

Heshima ina kanuni zake pia. Msichana abadilishwe na mwanamke, mvulana na mwanamume, kila inapowezekana. Mahali pawe na pazia, lakini pasiwe chumba kilichofungwa kwa ufunguo, na mtu mzima wa pili awe karibu na kujua kinachofanyika. Hilo humlinda mtoto, na humlinda mwalimu dhidi ya maneno. Walimu wa kiume wasidhani kwamba kanuni hii inawapa ruhusa ya kukaa pembeni, kwani wavulana wapo wengi. Na kijana aliyebalehe asiambiwe “mtoto mzuri” wala nepi yake isitajwe mbele ya wenzake. Mwite kwa jina lake, mwambie muda wa mapumziko umefika, naye ataelewa.

Yapo mabishano ya zamani kuhusu ni lini mtu yu tayari kujifunza. Mwaka 1962 daktari wa Marekani, T. Berry Brazelton, baada ya kuwafuatilia watoto 1,170, alishauri wazazi wangoje mpaka mtoto mwenyewe aonyeshe dalili za utayari, kwenye umri wa mwaka mmoja na nusu hivi na kuendelea. Ushauri huo ulienea sana. Lakini mwaka 1977 watafiti wawili, Marten deVries na Rachel deVries, waliandika habari za Wadigo wa pwani ya Kenya. Huko mama huanza wiki chache tu baada ya kuzaa: hukaa chini amenyoosha miguu, humpakata mtoto katikati ya miguu yake, hutoa sauti ya “shuu,” na mtoto akikojoa humbembeleza na kumfurahia. Watoto hao walikuwa wakavu usiku na mchana kabla ya kutimiza mwaka. Nionavyo mimi, somo hapa si kwamba Wadigo ni bora kuliko Wamarekani. Ni kwamba utayari haumo ndani ya mtoto peke yake. Umo pia katika jicho na sikio la mtu mzima aliye naye. Mwalimu anayesema “huyu hayuko tayari” yafaa ajiulize kwanza ni mara ngapi amemtazama.

Hata watu wazima huweza kujifunza. Mwaka 1971 Nathan Azrin na Richard Foxx walichapisha kazi yao na watu wazima wenye ulemavu mkubwa wa akili waliokuwa wakiishi katika taasisi. Waliwapa vinywaji kwa wingi, wakawakalisha chooni kwa vipindi vifupi vilivyopangwa, na wakawasifu na kuwazawadia kila walipofaulu. Maendeleo yakaonekana kwa siku, si kwa miaka. Mbinu yao ilikuwa na sehemu ya adhabu, ambayo siiungi mkono na haina nafasi katika darasa letu. Lakini vipindi vilivyopangwa na sifa ya papo hapo ni mambo ambayo shule inayaweza kwa urahisi, kwa vile shule tayari ina kengele.

Nepi ya kisasa nayo ina kasoro yake. Ndani yake mna unga unaoufyonza mkojo na kuugeuza ute mzito, hata mvaaji asihisi ubichi. Ngozi hupona, lakini somo hupungua, kwa sababu asiyehisi ubichi hana haraka ya kwenda chooni. Winda la kitambaa lina faida hiyo ya kuhisiwa, ingawa kulifua na kulikausha katika baridi ya Mbozi mwezi Juni na Julai ni taabu inayojulikana na kila mama. Napendekeza nepi itumike wakati wa masomo na safari, na nyumbani siku za Jumamosi mtoto avae chupi ya kitambaa na kupelekwa chooni kwa saa. Kwa mtoto mwenye mgongo wazi shauri hilo halifai. Huyo apelekwe kwa wataalamu wa afya, ambao mara nyingi humfundisha yeye na mzazi wake kuutoa mkojo kwa mpira maalumu.

Uchafu uliotoka utupwe wapi? Kinyesi kiingie chooni, nepi isiingie. Haiozi, huvimba, na shimo la shule litajaa kabla ya wakati wake. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, ndoo yenye kifuniko ndiyo njia iliyobaki ya kuihifadhi mpaka jioni, ichomwe katika tanuri la taka kama shule inalo, au ifukiwe mbali na kisima. Kuichoma uwanjani, moshi wa plastiki ukiingia madarasani, hapana.

Mwanachuo atakayekwenda mazoezini muhula ujao aingize katika andalio lake nyakati tatu: kabla ya kipindi cha kwanza, wakati wa mapumziko ya saa nne, na kabla ya kwenda nyumbani. Katika daftari la maendeleo, mahali anapoandika kwamba mtoto amejua herufi ngapi, aandike pia: leo alivuta kutoka mapajani.