Nani Atashangilia Timu ya Chuo?

Jumamosi moja hivi karibuni niliteremka katika kituo cha Kwa Mathias, mjini Kibaha, saa tisa na nusu alasiri, kwa nia ya kutazama mchezo wa kandanda baina ya timu za vyuo viwili vya hapa hapa. Majina ya vyuo hivyo nitayahifadhi, maana sikwenda kuaibisha mtu. Niliwahesabu watazamaji mara mbili ili nisije nikasema uongo. Ukiwaondoa wachezaji wa akiba, walimu wawili na mama muuza karanga, tulikuwa watu thelathini na mmoja. Wapatao kumi miongoni mwetu walikuwa wameinamia simu zao wakifuatilia michezo ya Uingereza, hali mbele ya macho yao vijana wenzao walikuwa wakitokwa na jasho.

Kando yangu alisimama mzee mmoja, fundi mstaafu, mwenye kengele ya mkono kama ile iliyokuwa ikipigwa shuleni. Kila timu ya chuo jirani na nyumba yake ilipokaribia goli, aliitikisa kengele ile kwa nguvu zote.

"Mwanangu," aliniambia baada ya kumwamkia, "zamani nilipoipiga kengele hii haikusikika kwa sababu ya kelele za watu. Siku hizi naipiga, naisikia mwenyewe."

Kibaha ni mji uliolelewa na elimu. Mradi uliosimamishwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa msaada wa nchi za Nordiki, zikiwamo Sweden, Norway, Denmark na Finland, ulikabidhiwa kwa Serikali mwaka 1970 ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Ndani ya eneo lake mna shule ya sekondari ambako alisoma Rais mstaafu Jakaya Kikwete, mna chuo cha maendeleo ya wananchi, na hospitali ya Tumbi ilichipuka hapo hapo. Baadaye vyuo vingine vikafuata, mpaka kile Chuo cha Uongozi cha Mwalimu Julius Nyerere kilichofunguliwa Kwa Mfipa mwezi Februari 2022. Kwa hiyo mtu angetazamia kwamba mji wa namna hii, wenye vijana wengi na viwanja vya nyasi, ungekuwa na wapenzi wa timu za vyuo wa kujivunia.

Ukiuliza kwa nini hawapo, jibu la kwanza utakalopewa ni Simba na Yanga. La pili ni vibanda umiza vinavyoonyesha soka ya Ulaya kwa kiingilio kidogo. Nimelisikia jibu hilo katika ofisi za walimu, katika daladala, na hata nyumbani kwangu. Mimi silikubali lote. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na tangu zamani Radio Tanzania ilikuwa ikitangaza michezo yao nchi nzima. Watu walewale waliobeba redio begani kusikiliza habari za Kariakoo ndio waliokuwa wakijaa kandokando ya viwanja vya shule na vyuo. Mtu aliweza kuwa na timu mbili: moja ya kubishania, na moja ya kwenda kuitazama kwa miguu.

Kilichobadilika kwanza ni mji wenyewe. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 128,488 katika Mji wa Kibaha. Ile ya mwaka 2022 iliwakuta zaidi ya 260,000. Mikorosho na miembe imekatwa, mahali pake pamejengwa nyumba za watu wenye kazi Dar es Salaam. Barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilometa 19.2, imepanuliwa kuwa ya njia nane, na neema hiyo imeleta jambo ambalo hatukulitazamia: ni rahisi zaidi kuishi Kibaha bila ya kuwa mtu wa Kibaha. Baba anaondoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa tatu usiku. Jumamosi anafanya kazi nusu siku, kisha anapita Kariakoo au Mbezi kununua mahitaji. Watoto wanamwona Jumapili. Mkazi wa namna hiyo ukimwuliza chuo kilichoko nyuma ya nyumba yake kina timu au hakina, atakwambia hajui, naye hasemi uongo.

Lakini liko jambo la pili, nalo limefanywa na vyuo vyenyewe. Ni ukuta. Zamani kiwanja cha chuo kilikuwa njia ya watu. Mama alipita na ndoo yake, watoto wakatoka dukani wakasimama kutazama, na kwa kusimama hivyo hivyo wakawa mashabiki. Leo viwanja vingi vimezungushiwa uzio. Sababu za usalama na za kuzuia uvamizi wa ardhi nazifahamu, wala sizibezi. Chuo kisichoweka mipaka yake katika mji unaopanuka kwa kasi hii kitajikuta kimebaki na kiwanja cha kuchezea bao. Ila Jumamosi ile, ili niingie, niliandika jina langu katika daftari, nikaandika nimetoka wapi, nakwenda kumwona nani, na saa ya kuingia. Mahali pa "unakwenda kumwona nani" niliandika "mpira." Mlinzi alicheka, lakini watoto watatu waliokuwa nyuma yangu hakuwaruhusu, kwa kuwa hawakuwa na mwenyeji ndani. Niliwaona wakipanda juu ya mti wa jirani. Hao hawamo katika ile hesabu yangu ya thelathini na moja, na huenda ndio waliokuwa wapenzi wa kweli kuliko sisi sote.

Jambo la tatu ni la wanafunzi. Chuo ni mahali pa kupita. Kijana huja, husoma miaka miwili au mitatu, huondoka. Chuo kikifungwa, timu hutawanyika na mashabiki hutawanyika nayo. Nahodha hodari wa mwaka huu, mwakani yuko Katavi anafundisha au anatibu watu. Kwa hiyo timu inayowategemea wanafunzi peke yao kuishangilia inaanza upya kila mwaka, kama mtu anayejaza maji katika pakacha. Wanaobaki ni majirani. Mzee wa kengele ameona makundi ya wanafunzi yakija na kuondoka asiyoweza kuyahesabu, na yeye bado yupo.

Wenzetu wa Uganda wamelitazama jambo hili kwa namna ambayo yafaa kuichungulia. Mji wa Mukono ni kwa Kampala kama Kibaha ilivyo kwa Dar es Salaam: uko kando ya barabara kuu, kiasi cha kilometa ishirini na ushei, na umejaa watu wanaolala pale na kufanya kazi mji mkuu. Mukono kuna chuo kikuu cha Uganda Christian. Mwaka 2012 Uganda ilianzisha ligi ya soka ya vyuo vikuu ambayo timu huchezeana nyumbani na ugenini, katika viwanja vya vyuo vyenyewe. Mtu wa Mukono basi anajua kwamba siku fulani Makerere watakuja, na kwamba baada ya majuma machache vijana wao watakwenda kulipiza.

Sisi mashindano yetu ya shule na vyuo, kama vile UMISSETA na SHIMIVUTA, kwa kawaida hukusanya timu zote katika mji mmoja kwa siku chache, mara moja kwa mwaka. Yana faida yake: vijana wa mikoa mbalimbali wanafahamiana, na vipaji vinaonekana pamoja. Kibaha yenyewe imewahi kuwa mwenyeji wa michezo ya shule. Lakini timu inapocheza michezo yake yenye maana mkoani Iringa au Mbeya, jirani wa Kwa Mathias anaambulia matokeo tu, tena akiyauliza. Michezo anayobakiziwa ni ya kirafiki, na ya kirafiki haimkeshi mtu.

Kule Marekani, ambako "futiboli" yao huchezwa zaidi kwa mikono, chuo kikuu cha Michigan kina uwanja wenye nafasi za watu zaidi ya 107,000, ambao ni mkubwa kuliko Uwanja wa Mkapa kwa mbali. Fedha zao hatuna, wala sioni haja ya kuzitamani. Kinachonivutia ni kwamba waliohitimu zamani hurudi Jumamosi pamoja na wake zao na watoto wao, na ratiba hujulikana mapema. Mtu akihamia mji mwingine, bado ana siku ya kurudi.

Na hapa jirani tunao mfano wa kutuonya. Ruvu Shooting ya Mlandizi ilicheza Ligi Kuu miaka mingi, na msemaji wake Masau Bwire aliijulisha nchi nzima kwa ulimi wake. Hata hivyo, Simba au Yanga walipokuja, jezi zilizojaa ni za wageni. Mwaka 2023 timu hiyo ilishuka daraja, na wapo wakazi wa Kibaha waliopata habari hiyo katika taarifa ya michezo ya usiku, baada ya habari za Uingereza.

Nilimwuliza mwalimu mmoja wa michezo wangeweza kufanya nini bila ya kuomba senti kwa mtu. Alifikiri, akasema mchezo ungeweza kuanza saa nane na nusu, ukaisha kabla ya saa kumi na moja, wakati ambapo michezo mingi ya Uingereza huanza. Jua litawachoma vijana, lakini watazamaji watakuwa na vivuli vya miembe michache iliyobaki. Akasema pia ratiba ingeweza kubandikwa kituoni na sokoni, na kwamba ule mlango mdogo wa upande wa makazi, wenye kufuli lililoota kutu, ungeweza kufunguliwa kwa saa mbili. Nilipomwuliza ufunguo anao nani, alisema atauliza.

Mchezo uliisha bao moja kwa moja. Bao la kusawazisha lilifungwa na kijana mwembamba wa upande wa kushoto, kwa mpira wa kichwa, na mzee akapiga kengele mpaka mama wa karanga akaziba masikio.

"Jina lake nani yule, mwanangu?" akaniuliza.

Sikulijua. Tukawauliza wale wenye simu, nao hawakulijua. Mwishowe alitujibu mtoto mmoja kutoka juu ya mti.