Mtoto Anapoomba Kwenda Kucheza



Mama mmoja wa Mpanda anauliza: vijana wa mtaani kwake huwafundisha watoto kucheza muziki wa kufokafoka, na sasa wanaandaa onyesho la kuchangisha fedha za mafunzo hayo. Binti yake wa darasa la tano anataka kushiriki. Baba amekataa. Bibi anasema ni uhuni. Afanye nini?

Mama mwenzangu, usikimbilie kukataa. Mtoto aliyenyimwa bila maelezo atacheza kwa kujificha, nawe hutajua yuko wapi wala yuko na nani.

Je, wajua muziki huo ulianzaje? Tarehe 11 Agosti 1973, mtaani Bronx huko New York, msichana Cindy Campbell aliandaa dansi katika jengo walimoishi ili apate fedha za nguo za shule. Kaka yake, DJ Kool Herc, ndiye aliyepiga santuri. Wasichana walilipa senti 25, wavulana senti 50. Wengi huihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa hip hop. Kumbe ni mambo ya nguo za shule, yale yale yanayotunyima usingizi kila Januari!

Majirani zetu wa Uganda nao wana la kutufundisha. Mwaka 2006 Abramz Tekya, aliyefiwa na wazazi wake akiwa mdogo, alianzisha Breakdance Project Uganda jijini Kampala. Mafunzo ni ya bure, na aliyejifunza humfundisha mwenzake. Kazi hiyo ilifika hadi Gulu, kwa watoto walioumizwa na vita. Mwaka 2024 uchezaji huo uliingia hata katika Olimpiki ya Paris.

Na bibi je? Amkumbushe mjukuu ngoma za zamani. Katavi wako Wasukuma wengi waliohamia na ng'ombe wao, na kwao Wagika na Wagalu hushindana kucheza mbele ya umati. Bugobogobo huchezwa kwa majembe, maana ni ngoma ya kulimia. (Asiyeona jembe likizungushwa hewani hajaona ngoma.) Lakini bibi ana haki kuhusu giza. Mengi yaliyoharibu mabinti wakati wa ngoma yalitokea njiani, usiku, wakati wa kurudi.

Kwa hiyo nenda ukatazame mazoezi bila kuaga. Nani anafundisha? Yupo mwanamke mtu mzima? Wanamaliza kabla jua halijazama? Sikiliza maneno ya nyimbo, na uangalie mavazi. Angalia sakafu pia, kwani wanaozunguka kwa mabega na kichwa juu ya saruji tupu wataumia. Afadhali wapate mkeka au godoro kuukuu. Mtoto mdogo asifundishwe kusimama kwa kichwa.

Fedha ndizo huvunja vikundi vingi. Omba mweka hazina awe mmoja wa wazazi, kila shilingi iandikwe kwenye daftari, na hesabu isomwe mbele ya wote wiki hiyo hiyo. Onyesho lifanyike Jumamosi mchana. Vijana wakikataa masharti haya, mrudishe binti nyumbani, tena mweleze sababu.

Wakikubali, lipa kiingilio na umwombe baba aje. Asipotaka kuingia ukumbini, mpeni kiti mlangoni akusanye viingilio.