Kosa la Bwana Msa ni Somo Letu Sote

Mtungaji wa hadithi za upelelezi anapotoa kitabu kipya katika mfululizo ambao wasomaji wameuzoea, maswali anayoulizwa ni yale yale popote duniani. Kwa nini mpelelezi ni yule yule? Je, hazeeki? Je, safari hii naye atashindwa? Arthur Conan Doyle wa Uingereza alichoshwa na Sherlock Holmes hata akamuua katika hadithi aliyoitoa mwaka 1893, kisha wasomaji hawakumpa raha mpaka akamrejesha. Agatha Christie alimleta Hercule Poirot mwaka 1920, na kitabu cha kumzika kikatoka mwaka 1975. Katika Visiwa vyetu hivi tulikuwa na mtungaji mmoja mkubwa wa fani hiyo, Marehemu Muhammed Said Abdulla, naye maswali hayo aliyajibu kwa njia ya mkato kabisa. Mwaka 1984, baada ya kimya cha miaka minane, alitoa kitabu cha saba cha mpelelezi wake, akakipa jina la Kosa la Bwana Msa.

Tunakusudia leo kulizungumza jina hilo na maana yake. Tunaandika haya kutoka Vitongoji, upande wa mashariki wa Wilaya ya Chake Chake, na tunayaelekeza kwa wananchi wa Visiwa hivi pamoja na wale waliopewa dhamana ya kuwaongoza. Huenda mtu akauliza, je, hadithi za upelelezi ni jambo la kushughulisha gazeti na serikali? Jibu letu ni ndiyo, na sababu tutazieleza.

Kwanza tumkumbuke mwenyewe. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alipomaliza masomo yake mwaka 1938 aliingia kazini katika idara ya afya, akafanya kazi ya ukaguzi kwa muda wa miaka kumi. Mwaka 1948 akaiacha kazi hiyo akashika kalamu ya uandishi wa habari, na kati ya magazeti aliyoyatumikia yamo Zanzibari, Al Falaq na Afrika Kwetu. Tangu mwaka 1958 mpaka alipostaafu mwaka 1968 alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima. Alifariki dunia mwaka 1991.

Hadithi yake ya kwanza ya Bwana Msa, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda katika mashindano ya kutunga hadithi kwa Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Kisima cha Giningi kilifuata mwaka 1968, nacho kilichapishwa London. Kisha, akiwa mtu wa makamo aliyekwishastaafu, akatoa vinne kwa mfululizo: Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, na Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976. Alipotoa kile cha saba alikuwa ametimiza umri wa miaka 66. Msomaji ahesabu mwenyewe. Vitabu vitano kati ya saba vilitoka baada ya mwaka wa kustaafu kwake. Hapa pana funzo la kwanza, kwamba mtu aliyestaafu hakuisha faida, na kwamba elimu ya miaka thelathini ya kukagua na kuhariri haikupotea bure. Imo ndani ya Bwana Msa.

Na Bwana Msa ni mtu wa namna gani? Si askari. Hana cheo, hana bunduki, wala hana amri ya kumkamata mtu. Ana kiko chake, ana macho ya kutazama, ana masikio ya kusikiliza, na ana rafiki yake Najum wa kumuuliza maswali ambayo msomaji naye angependa kuyauliza. Inspekta Seif wa polisi anapokuwapo, Bwana Msa hampuuzi wala hamnyang'anyi kazi yake, humsaidia kufikiri. Katika miaka hiyo hiyo ya sabini, upande wa Bara, Elvis Musiba alimtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, naye ni jasusi wa mbio, ngumi na bastola. Hatumlaumu Musiba, kwani wasomaji wake walikuwa wengi na bado wangalipo. Lakini tofauti ionekane. Willy Gamba humshinda adui kwa nguvu na ushujaa. Bwana Msa hana adui wa kumpiga. Anachopigana nacho ni dhana.

Tukifika hapo tumefika Pemba. Yatazameni majina ya vitabu viwili vya mwanzo. Mzimu na Giningi! Hakuna mtoto aliyelelewa katika Visiwa hivi asiyesikia habari za mizimu, na Giningi kwa masimulizi ya wazee wetu ndiyo makao ya wachawi, mahali ambapo mtu hupelekwa usiku asirejee. Mtungaji aliyajua haya vyema, akayatia mlangoni mwa hadithi zake kwa makusudi. Katika Mzimu wa Watu wa Kale maiti ya tajiri Ali Bomani inapatikana mahali pa mzimu, na kila mwenye hofu moyoni anakuwa na jibu lake tayari. Bwana Msa peke yake ndiye asiyekuwa na jibu, naye kwa kutokuwa nalo ndipo anapolipata. Anauliza nani alikuwa wapi, nani anafaidika, na lipi limesemwa lisiloafikiana na lililoonekana. Mwisho wake mzimu unabaki kuwa pango na mawe, na mkono uliotenda unakuwa mkono wa mtu.

Wako watakaosema hayo ni ya hadithini. La hasha. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilianza hapa hapa Pemba, ikavuka bahari mpaka Unguja. Watu wazima walilala nje ya nyumba zao kwa makundi, moto ukiwaka, kila mmoja akiogopa kuingia chumbani mwake. Habari ilitoka kijiji hadi kijiji ikiongezeka kila ilipofika, na aliyeuliza ushahidi alionekana mbishi. Na katika hofu hiyo, Mjini Unguja, mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu waliomdhania kuwa ndiye. Hakuwa popobawa. Alikuwa mgonjwa, mgeni kwa wale waliomzunguka, asiyeweza kujieleza. Katika kundi zima lile hakutokea hata mmoja wa kusema, "Ngojeni kwanza, huyu ni nani na ametoka wapi?" Swali hilo moja tu, ambalo Bwana Msa angeliuliza, lingetosha kuokoa roho ya mtu.

Wala haya si mambo mageni kwa watu waliosoma vyuoni. Sote tulifundishwa tungali wadogo kwamba mwenye kudai ndiye mwenye kuleta bayana, na Sura ya Hujurat inawaamrisha walioamini kuihakiki habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga kisha wakajuta. Skulini tukafundishwa sayansi, ambayo nayo haikubali neno bila ya kulipima. Basi elimu zetu zote mbili zimekubaliana katika jambo hili. Kilichopungua ni mazoezi, na hadithi nzuri ya upelelezi ni mazoezi hasa. Msomaji hupewa watu watano wa kuwashuku, humchagua mmoja kwa chuki, kisha kurasa za mwisho humsuta.

Tunajua kwamba vitabu hivi vilipata lawama. Katika miaka ya sabini, wakati taifa lilipokuwa likiitaka fasihi iujenge Ujamaa, walikuwapo wahakiki walioziona hadithi za upelelezi kuwa ni burudani tupu, za kumpitishia mtu wakati. Tena Bwana Msa anaishi katika Zanzibar ya kabla ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na hata vitabu vilivyoandikwa miaka kumi au ishirini baadaye vimebaki huko huko. Lawama hii ina uzito, na sisi tuliolelewa katika Chama hatuwezi kuipuuza. Mtungaji aliyeyaona Mapinduzi kwa macho yake angeweza kutuonyesha Bwana Msa akipeleleza katika jamii mpya, na hakufanya hivyo.

Hata hivyo, haki itendeke. Kadiri mfululizo ulivyosonga mbele, mauaji yalipungua, na mahali pake pakaingia siri za nyumba: mtoto asiyemjua babake, ndoa iliyofichwa, mali iliyopita katika mikono isiyostahiki. Hizo si siri zilizokwisha mwaka 1964. Nani kati yetu asiyejua nyumba iliyovunjika kwa mirathi, au shamba la mikarafuu lililowagombanisha ndugu wa tumbo moja mpaka wakaacha kuzikana? Mtungaji aliirudisha saa nyuma, lakini watu aliowaonyesha tunaonana nao kila siku. Na mbinu ya kuwatatua ni ile ile. Mtu aulizwe, asikilizwe, na neno lake lipimwe kwa neno la mwenziwe.

Sasa turejee kwenye jina lile la mwaka 1984. Kosa lenyewe ni lipi hatutalisema, kwani adabu ya hadithi hizi ni kutomfichulia siri asiyesoma. Tunalolisema ni juu ya jina. Wasomaji walikuwa wamemjua Bwana Msa kwa vitabu sita, na katika vyote sifa yake ilikuwa ni kuona wasichokiona wengine. Mtungaji angeweza kumwongezea sifa, kama wanavyofanya wengi ambao mashujaa wao huzidi kuwa majabari kila kitabu kinapotoka. Yeye akachukua neno zito kuliko yote, neno kosa, akalibandika kwenye jalada pamoja na jina la shujaa wake, mbele ya kila mtu. Kama Bwana Msa mwenyewe anaweza kuhusishwa na kosa, basi nani aliyekingika?

Hilo ndilo tunalotaka viongozi walitafakari. Ofisini huingia barua zisizo na saini. Mwalimu husingiziwa, naye huhamishwa kabla ya kuitwa akasema lake. Mwananchi huambiwa anavusha karafuu za magendo kwa sababu jirani yake ameona taa usiku pwani, na taa huenda ilikuwa ya mvuvi. Kamati huundwa, ripoti huandikwa, na ikibainika baadaye kwamba ripoti ilikosea hakuna anayeirejea, kwa hofu ya kuonekana kwamba serikali hukosea. Sisi tunasema serikali inayorejea ripoti yake ikairekebisha haipungukiwi na heshima. Hupungukiwa ile iliyong'ang'ania. Mpelelezi mwenye kukubali kwamba anaweza kukosea hutazama mara mbili, na mwenye kutazama mara mbili hakosei sana.

Na wananchi nao wasijitoe. Bibi kizee anayeishi peke yake mwisho wa kijiji, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni, huitwa mchawi kwa sababu mtoto wa jirani amepata homa. Homa ipimwe damu. Hospitali ipo hapa hapa Vitongoji. Wakati wa kumpeleka mtoto ni ule ule wa mwanzo, kabla jina la mtu halijatajwa.

Kwa hivyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, Wizara inayohusika na elimu ihakikishe kwamba vitabu vyote saba vya Bwana Msa vinapatikana katika skuli za Unguja na Pemba, na visikae kabatini chini ya kufuli. Tuulizane kwa uwazi, ni skuli ngapi katika Wilaya ya Chake Chake ambazo mwanafunzi anaweza kuvipata vyote kwa mpango wake, kuanzia cha mwaka 1960 hadi cha mwaka 1984? Mfululizo usomwe kama mfululizo, ili kijana amwone mpelelezi akianzia kwenye mzimu akaishia kwenye kosa lake.

Pili, maktaba yetu ya Chake Chake na walimu wa Kiswahili waanzishe vikao vya kusoma. Kitabu kisomwe mpaka nusu, kifungwe, na kila kijana aandike anamshuku nani na kwa ushahidi gani. Kisha kiendelezwe mpaka mwisho. Atakayeona alivyomshuku asiye na hatia kwa sababu tu hakumpenda, atakuwa amejifunza jambo ambalo hotuba zetu nyingi hazikuweza kumfundisha.

Tatu, tunawaita watungaji wa Pemba. Bwana Msa alikuwa wa Unguja, na mtungaji wake alitangulia mbele ya haki mwaka 1991. Mfululizo ule umekwisha, lakini mambo ya kupelelezwa hayakwisha. Hapa kwetu kuna karafuu na njia zake za usiku, kuna mashamba na hati zake, kuna madau yanayoondoka na kurudi, kuna urithi usiogawiwa. Anatakiwa mtu wa kumzaa mpelelezi wa Kipemba, mwanamme au mwanamke, anayeijua lugha ya hapa na utani wa hapa, na anayeishi katika zama zetu hizi ambazo Marehemu hakuziandika. Baraza la Kiswahili la Zanzibar na wachapishaji wamsaidie ili kitabu chake kichapishwe hapa hapa, kiuzwe kwa bei ambayo mchumaji wa karafuu ataimudu.

Na atakapofika kitabu chake cha saba, asiogope kuliandika neno kosa kwenye jalada.