Nilimwambia aweke oili nzuri

Ukitoka Bigwa, hapa Morogoro, kwa barabara ya Kisaki, ukapita Kiroka na kuchepuka kupanda Kinole, kuna sehemu ambayo pikipiki haina ujanja. Ni gia namba moja tu, abiria anashuka kutembea, mzigo unabaki umefungwa nyuma. Hapo ndipo pikipiki yangu ilipogoma mwezi Machi, ikiwa na mfuko wa saruji. Mpwa wangu alinipigia simu huku anahema.

"Mjomba, pikipiki yako inanguruma kweli kweli, ila haiendi."

Sikio langu lilinasa hilo neno "yako". Siku za hesabu nzuri huwa ni "pikipiki yetu".

Kwa sisi Waluguru ukoo unafuata kwa mama, kwa hiyo mtoto wa dada yangu ni wangu kuliko anavyodhani. Nilipostaafu ualimu nilimnunulia pikipiki kwa mkataba wa kawaida wa mjini Morogoro: ananiletea 10,000 kila siku ya kazi, na baada ya miezi 14 inakuwa yake. Mafuta, pancha na sevisi ni juu yake. Nilimpa agizo moja tu la kiufundi: "Usiweke oili za kupima kwenye chupa za maji. Weka oili nzuri." Nikajiona nimemaliza.

Pikipiki ilishushwa na kirikuu hadi kwa fundi wetu wa Mji Mpya. Akamwaga oili kwenye karai, akafungua kifuniko cha pembeni, akazitoa klachi pleti moja moja na kuzipanga juu ya gunia. Akaniwekea moja kiganjani. Pleti nzima ukiipapasa inakwaruza kidogo, kama msasa laini uliotumika. Hii ilikuwa nyeusi, inateleza kama sahani iliyotoka kuoshwa, na inanuka kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi.

"Mara ya mwisho uliweka nini?" fundi akamuuliza mpwa wangu.

Kijana akafungua kiti na kutoa chupa tupu. Hakuitupa kwa sababu ilimuuma mfukoni. Chupa ya kampuni inayojulikana, imetoka dukani ikiwa na lakiri yake, bei yake karibu mara mbili ya ile wanayonunua wenzake kijiweni. Mbele imeandikwa 0W-20. Fundi akaisoma, akamrudishia.

"Hii ni oili ya gari, mdogo wangu. Tena nzuri sana. Tafuta gari uiweke."

Nimefundisha fizikia miaka 26. Msuguano nimeuchora ubaoni mara nyingi kuliko jina langu. Lakini sikuwahi kufikiria kwamba kwenye pikipiki nyingi za bodaboda injini, gia na klachi vyote vinaogelea kwenye oili ile ile moja, lita moja hivi. Kwenye gari la gia za mkono klachi hukaa pakavu, mbali na oili ya injini. Ndiyo maana watengenezaji wa oili nyepesi za magari huweka humo dawa za kupunguza msuguano ili gari linywe mafuta kidogo. Dawa hiyo hiyo ukiileta kwenye klachi ya pikipiki, ambayo kazi yake ni kung'ang'ania kwa msuguano, pleti zinateleza. Kwenye tambarare ya Kihonda usingejua mapema. Kinole inakuambia siku hiyo hiyo.

Tena oili ya 0W-20 ni nyepesi mno kwa injini inayopozwa na upepo. Mlimani, kwa mwendo wa mtu anayetembea, upepo wenyewe uko wapi?

Tunapozungumzia oili mbovu, lawama zote huenda kwa oili feki, na zinastahili kwenda huko. Dumu linaweza kuwa na nembo ya TBS, lakini likishafunguliwa na oili ikamiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, nembo imebaki kwenye dumu. Ila oili iliyoua klachi yangu ilikuwa halisi, na ilinunuliwa na kijana mtiifu aliyetekeleza agizo la mjomba wake. Agizo ndilo lilikuwa bovu. "Oili nzuri" haina maana yoyote mpaka useme nzuri kwa injini gani.

Wenye magari msicheke. Nawaona pale Msamvu mnavyomimina oili nzito ya namba 40 kwenye vigari vya Kijapani vilivyotengenezewa oili nyepesi, eti inaziba moshi. Na gia boksi za CVT mnazijaza hidroliki yoyote nyekundu, kisha mnaapa kwamba Mjapani amewauzia kopo.

Mimi nawalenga wamiliki wa bodaboda, wenzangu. Mkataba wetu umepangwa ili tusijue lolote. Tunahesabu noti jioni, sevisi tunamwachia mtu ambaye pikipiki bado si yake, na ambaye kila shilingi ya oili inapunguza ugali wake wa siku hiyo. Akinunua rahisi tunamlaumu, akinunua ghali kwa kubahatisha tunamlaumu pia. Ninachodai ni kidogo: mmiliki anunue oili mwenyewe, na aina yake iandikwe kwenye mkataba kama namba ya injini inavyoandikwa. Nyuma ya chupa tafuta herufi JASO MA au MA2. Ni kipimo walichokianzisha Wajapani mwaka 1998 kwa ajili ya klachi za namna hii hasa. Unene uwe ule uliotajwa kwenye kitabu cha pikipiki, kile kitabu ambacho wengi wetu tumekiacha kwenye nailoni yake kabatini. Cha kwangu nilikitoa mwezi huo wa Machi.

Na oili chafu isimwagwe mtaroni. Mto Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo wanayokunywa ndugu zetu Dar es Salaam. Fundi wetu huihifadhi kwenye dumu.

Klachi mpya na ufundi nililipa mimi, na hesabu ya wiki hiyo nikaisamehe. Dada yangu alisimamia hilo kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Mkataba tumeuandika upya kwa mkono, oili iko kwenye kipengele cha pili, na kila nikimtuma dukani lazima anipigie picha nyuma ya chupa kabla ya kulipa. Juzi picha imefika, kidole gumba kimefunika herufi zote. Nimemwambia apige nyingine.